Saa Tatu Tu Florence: Goethe na Uhuru wa Kusafiri Peke Yake

Katika semina yetu ya fasihi ya safari muhula uliopita, wenzangu karibu wote walikisifu kitabu cha Johann Wolfgang von Goethe kuhusu safari yake ya Italia kwa neno moja: utulivu. Mtu yuko peke yake, hana haraka, anatoka Verona anaingia Vicenza, anatoka Vicenza anafika Venice, anasimama mbele ya jengo la kale mpaka lianze kumwambia kitu. Mimi nilikisoma katika tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Auden na Elizabeth Mayer iliyotoka mwaka 1962, na nilikipenda. Hata hivyo neno hilo la wenzangu nalikataa. Kurasa bora za kitabu hiki ni zile ambamo utulivu unavunjwa.

Tuanze na utulivu wenyewe na bei yake. Safari inaanza Karlsbad tarehe 3 Septemba 1786, saa tisa usiku. Goethe ametimiza miaka 37 siku chache tu kabla. Ni waziri katika utawala wa Weimar na ni mwandishi anayejulikana Ulaya. Anaondoka bila kuwaaga rafiki zake, anapanda gari la farasi la posta akiwa na mizigo michache, na njiani anajiita Möller. Huko nyuma mshahara wake unaendelea kulipwa. Katika semina hakuna aliyeutaja mshahara huo. Tulizungumza juu ya nafsi inayotafuta uhuru, kana kwamba nafsi hailipi nauli.

Tena mwendo wake si wa polepole kama tunavyodhani. Venice alikaa zaidi ya wiki mbili. Florence, mji ambao watu hutumia maisha yao yote kuusoma, aliupitia kwa muda wa saa tatu hivi. Aliliona kanisa kuu, akapita bustani ya Boboli, akatoka. Alikuwa akikimbilia Roma, na anakiri mwenyewe kwamba siku hizo za mwisho alilala na nguo zake ili asichelewe asubuhi. Simlaumu, na kukiri huko kunanifurahisha. Ila msomaji akumbuke kwamba sehemu mbili za kwanza zilichapishwa mwaka 1816 na 1817, na ya tatu mwaka 1829, Goethe akikaribia miaka 80. Aliziunda upya kutokana na shajara na barua za zamani, na baadhi ya karatasi hizo aliziteketeza baada ya kuzitumia. Kwa hiyo sauti tulivu tunayoisikia ina mzee ndani yake, anayemsimulia kijana wake na kumpanga vizuri.

Venice ndiyo inayonifanya nisiseme kwamba kila kitu ni pambo. Anajitosa katika vichochoro bila mwongozaji. Ufukweni Lido anawatazama kaa na konokono wa baharini kwa furaha ya mtoto. Bahari ilikuwa mpya kwake. Kisha kuna usiku wa wimbo. Wapiga makasia wa Venice walikuwa na desturi ya kuimba beti za Tasso na Ariosto kwa kujibizana, mmoja huku na mwingine mbali kule. Goethe aliposafiri, desturi hiyo ilikuwa imekaribia kufa, hivyo ikambidi aagize waimbaji wawili. Kwenye mashua walipoimba karibu naye, sauti zilimkera. Wakashuka pwani, wakatengana, yeye akawa anatembea katikati, akimwacha mmoja na kumfuata mwingine. Hapo ndipo akaelewa: wimbo ule umeumbwa kwa ajili ya mtu mpweke anayemwimbia mtu asiyemwona. Sisi tunaosoma ushairi wa kujibizana tuna la kujifunza hapa. Umbali kati ya waimbaji nao ni sehemu ya fani, na ukiuondoa wimbo unaharibika. Lakini angalia pia kwamba upweke huo ulikodishwa kwa jioni moja.

Sasa nije kwenye ukurasa nilioupenda kuliko zote. Katikati ya Septemba, upepo katika ziwa la Garda unailazimisha mashua yake kutia nanga Malcesine, kijiji cha mpakani, upande wa Venice. Goethe anakaa kuchora mnara wa ngome iliyochakaa. Watu wanajaa. Mmoja anaichukua karatasi na kuichana. Mkuu wa mji anaitwa, anakuja na karani wake. Mgeni anashukiwa kuwa mpelelezi wa mfalme wa Austria. Anajitetea kwa elimu: hii si ngome tena, ni gofu, na gofu lina thamani yake, kama ule uwanja wa Warumi kule Verona. Hoja haiwaingii. Kama ni gofu, wanauliza, kuna nini cha kutazama?

Kinachomwokoa ni habari za watu. Anatafutwa mwenyeji mmoja aliyewahi kufanya kazi Frankfurt, na Goethe, mzaliwa wa mji huo, anaanza kumweleza juu ya familia za Kiitaliano zinazoishi kule: nani ameoa, nani ana watoto, nani ana wajukuu. Uso wa yule mtu unafunguka, na kijiji kizima pamoja naye. Jioni wanamsindikiza kwa matunda na maneno mazuri. Katika kitabu kilichojaa nguzo na mapaa ya Palladio, hapa ndipo kwa mara ya kwanza nilipowaona Waitaliano wakimtazama yeye.

Ukurasa huu nausoma kwa jicho langu mwenyewe, na sitaki kulificha. Mwaka jana nilikwenda Jinja peke yangu, siku mbili, kutazama yale maduka ya zamani yaliyojengwa na Wahindi, ambayo mengine yana mwaka wa kujengwa juu ukutani. Nilikuwa nimepiga picha tatu hivi askari alipokuja: “Wewe dada, unapiga picha za nini? Nani amekutuma?” Sikuwa na jibu, kwa kuwa “nayapenda” halikuwa jibu. Jioni nikampigia mama simu, naye akauliza, “Peke yako? Umekosana na nani?” Kwake, binti anayezunguka mji wa watu bila mwenyeji na bila shughuli lazima awe na jambo. Goethe alinunua nguo zinazofanana na za wenyeji ili wasimtazame sana. Wengi wetu tukifika Vicenza, nguo hazitatusaidia.

Waliosoma Safari za Wasuaheli, mkusanyiko alioutoa Carl Velten mwaka 1901, watamkumbuka Salim bin Abakari, Mngazija aliyefika Urusi na Siberia akiwa mtumishi wa Mjerumani. Naye ni mtazamaji hodari. Ila siku ya kuondoka na siku ya kupumzika zilipangwa na bwana wake, ndiyo maana hatukuwahi kumsifu kwa “utulivu”. Ningependa tuwasome hawa wawili katika wiki moja ya semina, tuone neno hilo litabaki wapi.

Mwezi Oktoba, Goethe anafika Assisi. Analipita kanisa la Mtakatifu Fransisko, lenye michoro ya ukutani inayohusishwa na Giotto, bila kuingia. Anakwenda moja kwa moja kwenye hekalu la kale la Minerva, analisifu kwa maneno mengi, na kushika njia ya Foligno kwa miguu. Njiani wanaume wanne wanamsimamisha, wawili wana bunduki. Wanamshuku kwa magendo. Anawauliza ni mfanya magendo gani anayetembea peke yake, mikono mitupu na mifuko mitupu. Wanamwachia, kisha mmoja wao anarudi kuomba chochote, anapewa. Katika semina tuliucheka ujinga wao. Mimi sikucheka sana, kwa sababu kabla ya kumwachia walikuwa wamemuuliza swali ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza: umetoka mbali hivi, umefika Assisi, mbona hukuingia kanisani?