Ukili, Wino na Kompyuta

Mwanafunzi mmoja wa uchoraji wa vitabu, jijini Dar es Salaam, huanza kazi kwa kusoma. Huisoma hadithi kwa sauti, kisha huirudia polepole, akitia alama pale ambapo mtoto atataka kuona kinachosimuliwa. Safari hii amepewa hadithi ya bibi anayesuka ukili barazani na mjukuu anayemshikia ukindu. Akishaisoma, hukunja karatasi za kawaida katikati na kuzibana kwa pini ziwe kijitabu cha kurasa 24. Karatasi moja iliyokunjwa hutoa kurasa nne, kwa hiyo idadi ya kurasa za kitabu cha namna hii lazima igawanyike kwa nne. Ndani ya kijitabu hicho huchora vichoro vidogo vya harakaharaka, visivyo na nyuso wala vidole. Hapo anaamua mahali tu: maneno yakae wapi, bibi aketi upande gani, mjukuu aelekee wapi. Msomaji wetu husoma kutoka kushoto kwenda kulia. Basi mkono wa mtoto unanyooshwa kulia, uliko ukurasa unaofuata.

Nilimtazama akishughulikia ukurasa ambao mikono ya bibi inaonekana kwa karibu. Kwa mchoraji, mikono ni mtihani mgumu, na mikono inayosuka ni migumu zaidi. Hakutaka kuibuni. Aliketi kando ya mama mmoja anayesuka mikeka, akachora vidole peke yake: gumba linavyokandamiza, cha shahada kinavyoinua ukindu mmoja ili mwingine upite chini yake, ukindu unavyokunjwa ukingoni na kurudi ndani. Karatasi zilijaa vidole. Vingi havikufaa, naye hakuvifuta. Alivichora upya pembeni ili aone tofauti.

Kichoro kilichokubalika anakipanua kwa penseli ngumu, kwa mistari hafifu. Kisha anakilaza juu ya kioo chenye taa chini yake, na juu yake anaweka karatasi safi, laini, inayopitisha mwanga. Sasa penseli inaonekana kwa chini, na kilichobaki ni wino. Anatumia kalamu ya kuchovya na wino mweusi usioyeyuka tena kwa maji ukishakauka. Ncha ya kalamu hiyo imepasuliwa katikati: ukiibonyeza, meno yake mawili yanaachana na mstari unanenepa, ukiilegeza, mstari unakonda. Kila baada ya kuchovya, hujaribu kwanza kwenye kipande cha karatasi pembeni ili tone la ziada liangukie huko. Mstari huuvuta kuelekea kwake, kwa maana ncha ikisukumwa mbele huchimba karatasi na kurusha wino. Mstari ukitaka kupinda, anaizungusha karatasi na kuuacha mkono katika mkao wake. Huanzia juu kushoto na kushuka kulia, ili kiganja kisipite juu ya wino mbichi. Mkunjo mmoja wa ngozi kwenye kifundo cha kidole cha bibi unaanza mwembamba, unanenepa katikati, unafifia mwishoni. Umepigwa kwa mkupuo mmoja.

Karatasi hiyo ya wino haina msuko wa mkeka wala madoa ya ukuta. Hivyo anavitengeneza kando, kila kimoja kwenye karatasi yake. Kwa mkeka, anachukua ukili halisi, anaufunika kwa karatasi nyembamba na kuisugua kwa ubavu wa penseli laini. Msuko unajitokeza wenyewe, pamoja na mahali ukindu ulipochanika. Kwa ukuta wa chokaa, anapaka rangi ya maji iliyokolezwa kidogo, na kabla haijakauka anainyunyizia chumvi. Kila punje inanyonya maji yaliyo karibu nayo, na ikishapanguswa inaacha doa jeupe lenye kingo zilizochakaa, mfano wa ukuta uliokula mvua nyingi. Dar es Salaam inaijua tabia hii ya kutumia kilichopo. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Edward Saidi Tingatinga alichora wanyama na ndege wake mjini humu kwa rangi ya kupaka baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, na mtindo wake ukabeba jina lake hadi leo.

Baada ya karatasi zote kukauka ndipo kompyuta inawashwa. Kwanza anafuta kioo cha skana kwa kitambaa laini, kwa kuwa chembe moja ya vumbi itakuwa doa kwenye shavu la bibi. Mchoro wa wino anauskani kwa nukta 600 kwa kila inchi. Karatasi ya A4 inageuka picha ya nukta 4,960 kwa 7,016, takriban nukta milioni 35. Weupe wa karatasi huonekana wa kijivu kwenye skrini. Anausogeza taratibu kuelekea weupe kamili, huku jicho lake likiwa kwenye mistari myembamba kuliko yote. Akizidisha, mikunjo ya ngozi itatoweka. Anasimama pale ambapo karatasi imekuwa nyeupe na mkunjo wa mwisho bado upo.

Anatumia Krita, programu ya bure, na humo anapanga kazi kwa matabaka. Ukuta unakaa chini, mkeka juu yake, kisha nguo, kisha ngozi, na wino juu ya yote. Tabaka la wino huliamuru lizidishwe na yaliyo chini yake, hivyo weupe unapotea na weusi unabaki. Wachoraji wa zamani walifanya kazi ya namna hii kwa kupandanisha plastiki angavu juu ya mchoro, na hata programu ya Photoshop, iliyotoka mwaka 1990, haikupata matabaka hadi mwaka 1994. Ule msuko aliousugua anauvuta na kuupinda mpaka ufuate goti la bibi na kuning'inia ukingoni mwa baraza. Angeweza kunakili kipande kimoja na kukirudia mkeka mzima. Lakini jicho hukamata marudio upesi, basi amesugua ukili mara kadhaa, na kila sehemu ya mkeka ina msuko wake.

Rangi anaziweka kwa kalamu ya tableti, inayotambua mkono mzito na mwepesi. Amejiwekea rangi chache: nyekundu ya khanga, manjano ya ukindu mkavu, bluu ya kivuli. Anajua pia kwamba skrini inadanganya. Skrini huunda rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa bluu. Mtambo wa kuchapa hutumia wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi, na bluu inayong'aa kwenye kioo hufifia kwenye karatasi. Hivyo anachapa nakala ya majaribio, anaipeleka dirishani penye mwanga wa mchana, anarudi kurekebisha, anachapa tena. Mistari ya wino anahakikisha inachapwa kwa wino mweusi peke yake, maana ikichanganywa rangi nne na bamba moja la kuchapia likahama kidogo, kila kidole kitapata kivuli cha rangi. Mwisho anaongeza milimita 3 za picha kila upande kwa ajili ya kisu cha mchapaji, na kuhakikisha vidole vya bibi viko mbali na ukingo huo.

Wengi hudhani kompyuta inamrahisishia mchoraji kazi yote. Ukurasa huu unasema vingine. Kompyuta imempa nafasi ya kupanga, kujaribu na kusahihisha bila kuharibu karatasi ya asili, na hilo ni jambo kubwa. Mkunjo wa kidole, msuko wa ukili na madoa ya ukuta vilitoka mkononi, na bila hivyo mashine isingekuwa na cha kupanga. Mtoto ataufungua ukurasa huu kwa dakika moja na kuendelea, kama inavyopaswa. Sisi wazazi na walimu tufanye zaidi ya hapo: tunaponunua kitabu cha watoto, tutafute jina la mchoraji, tumsomee mtoto jina hilo pamoja na la mwandishi, na tukilikosa tumwulize mchapishaji kwa nini halipo.