Jahazi Lisiloweza Kugeuka: Juu ya Mapambo ya Yide Lu

Yide Lu, mjini Guangzhou, ni mtaa wa maduka ya jumla: vyakula vikavu vya baharini, vitu vya kuchezea na mapambo. Katika mapambo hayo mna vyombo vidogo vya mbao vyenye matanga. Baadhi yake huletwa pwani yetu, vikauzwa kwa jina la jahazi. Ninachokihakiki hapa ni kimojawapo.

Kazi ya mkono ni safi. Mbao zimepigwa msasa vizuri, na makapi ya shaba, madogo kama punje, yanazunguka. Lakini tanga limeshikizwa kwenye mlingoti wenyewe, na chini yake mna mti uliofungwa mlingotini kwa bawaba. Huo ni mpango wa mashua za mchezo za Ulaya, na huko una maana yake: mti huyumba nyuma ya mlingoti, kamba moja huuvuta ndani, nyingine huuzuia usinyanyuke, na mtu mmoja hugeuza chombo peke yake.

Jahazi lina elimu nyingine. Tanga hufungwa kwenye foromani, nayo hupandishwa kwa henza. Chini hakuna mti, na pembe ya nyuma hushikwa na demani tu. Katika kugeuza, mabaharia huisimamisha foromani wima, tanga likapita mbele ya mlingoti, na demani ikazungushwa hadi upande wa pili. Ukitia mti wenye bawaba, tanga halina njia ya kupita. Basi pambo hili si jahazi lililorahisishwa. Ni jahazi lisiloweza kugeuka.

Ajabu ni kwamba Guangzhou imekwisha kuliona tanga la Kiarabu kwa macho. Sohar, chombo kilichoundwa Sur na kushonwa kwa kamba za nazi, kiliondoka Maskati Novemba 1980 chini ya Tim Severin, kikafika Guangzhou Julai 1981. Leo kimewekwa nchi kavu, Maskati.

Hata hivyo, simlaumu fundi wa Kichina. Fundi huunda alichoagizwa, na jina la jahazi tumelitia sisi. Hasara nayo ni yetu. Foromani ni farman ya mabaharia wa Ghuba, na demani ni daman yao. Maneno haya ni ushahidi wa historia yetu ya pamoja sawa na hati yoyote. Mtoto anayejifunza jahazi kwa pambo hili hataona foromani, wala hatauliza jina lake. Kitu kikitoweka machoni, jina lake halikai sana mdomoni.

Dawa ni nyepesi. Anayeagiza achukue mchoro uliopimwa kwenye jahazi lenyewe, na kila kamba iandikwe jina lake kwa Kiswahili na Kiarabu. Mikono iliyounda makapi yale haitashindwa na foromani.