Koki ya Mwisho

Jengo jipya likifunguliwa siku hizi, wageni huinua macho darini, wakaona vichwa vya springla vimenyooka mstari mmoja juu ya jipsamu nyeupe, wakasema kazi hii imekwenda shule. Fundi hupewa mkono, na kwenye hati ya makabidhiano huandikwa kwamba mfumo wa kuzima moto upo na ni wa kisasa. Hakuna aliyeuliza maji yanatoka wapi, wala aliyefungua koki hata moja. Ni sifa za namna hii zilizomharibu mgema, na kazi ya moto huharibika vibaya kuliko tembo, kwa sababu ubovu wake hauonjwi siku ileile. Mfumo mbovu unaweza kukaa darini miaka kumi ukisifiwa, hadi usiku mmoja utakapohitajika. Anayetaka kuijua kazi nzuri aanzie mbali na dari. Na swali la kama ufungwe mfumo wa springla au wa ukungu wa maji, ambalo wauzaji hupenda litangulie, aliweke nafasi ya pili.

Chukua Madaba. Halmashauri hii ya Ruvuma iko kwenye barabara kuu ya Makambako kwenda Songea, na sehemu kubwa ya mali yake ni ya kuungua: paini na milingoti mashambani, mbao zilizopangwa zikauke, mashine za kupasulia magogo, maranda yaliyorundikana hadi kiunoni. Shule zina mabweni. Na tangu gridi ya Taifa ilipofika Songea mwaka 2018 kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, Madaba imepata kituo chake cha kupozea umeme. Gari la Zimamoto likitokea Songea mjini, hata namba 114 ikipigwa dakika ileile na dereva akiwa hodari, linahitaji zaidi ya saa moja barabarani. Paini kavu haingoji hivyo. Hata ukaribu peke yake hautoshi: Soko Kuu la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli, liko katikati ya jiji, na moto wa usiku wa tarehe 10 Julai 2021 uliliunguza. Baada ya kila moto watu huuliza gari lilifika saa ngapi. Swali lililostahili kuulizwa mapema ni jengo lenyewe lilikuwa na maji gani kabla gari halijafika.

Springla ilizaliwa kwenye mbao. Mwaka 1874 Henry Parmelee wa New Haven, Marekani, mwenye kiwanda cha piano, alitengeneza kichwa kinachojifungua chenyewe ili kukilinda kiwanda chake, na miaka michache baadaye Frederick Grinnell akakiboresha. George Parmelee, nduguye Henry, alikwenda Uingereza kuwashawishi wenye viwanda. Mwaka 1882 alikiwasha moto kiwanda cha pamba mjini Bolton, akawaacha watu watazame springla zikiuzima. Huyo ndiye ninayemwita bwana wa kazi: aliwaonyesha maji. Kanuni yake ni ileile mpaka leo. Joto hupasua kichupa cha kioo kinachokiziba kichwa, kichwa kilicho juu ya moto hufunguka, vingine hubaki vimefungwa. Wapo wanaozikataa springla wakiamini kwamba moshi wa jikoni utalowesha ghorofa nzima. Hayo ni mambo ya sinema. Kichwa cha kawaida, kwa presha ya baa moja, humwaga lita 80 kwa dakika mahali palepale panapoungua. Mpira wa Zimamoto humwaga mara kadhaa zaidi ya hapo, tena baada ya moto kukua. Anayehofia mzigo kulowa apige hesabu hiyo kwanza.

Ukungu nao ulijipatia heshima baharini. Usiku wa tarehe 7 Aprili 1990 meli ya abiria Scandinavian Star iliungua kati ya Norwei na Denmaki, wakafa watu 159. Masharti ya usalama wa meli yalipokazwa, waunda meli walitafuta mfumo wenye mabomba membamba na maji machache, kwa sababu maji mengi juu ya meli ni uzito, na uzito ukikaa juu huipindua. Wakarudi kwenye tone. Tone la ukungu halifiki milimita moja, na mengi ni madogo kuliko hapo sana. Husukumwa kwa presha ambayo kwenye mifumo mingi hufika baa 100. Maji yakivunjwavunjwa hivyo hunyonya joto upesi, na yakigeuka mvuke hutanuka takriban mara 1,700, yakaifukuza hewa ambayo moto unaihitaji. Ndani ya chumba cha injini, penye mafuta, milango imefungwa na moto ni mkali, sijui kitu kingine cha maji kinachokaribia ubora huo. Ni kazi ya kiakili na ninaiheshimu.

Lakini angalia ile hesabu inategemea nini. Inategemea kuta, ili mvuke ukae, na moto mkali wa kuyachemsha maji hayo. Banda la mbao la Madaba halina kuta. Lina nguzo, bati, na upepo unaopita kuanzia Juni mpaka Oktoba, miezi ileile ambayo mbao ni kavu kuliko wakati wowote. Ukungu utapeperushwa kabla haujagusa kitu. Na hata upepo ukitulia, tone jepesi hubebwa juu na hewa moto inayopanda kutoka kwenye miali, wakati tone zito la springla hupenya likashuka hadi kwenye ubao na kuulowesha. Maranda ni adui mwingine kabisa: moto wake hujichimbia ndani, ukafuka siku mbili, ukaibuka tena. Hapo panatakiwa maji ya kunywesha, mengi na mazito. Kwa hiyo banda ni la springla, na sioni nafasi ya mjadala. Chumba cha jenereta kilichofungwa, au chumba cha nyaya kwenye kituo cha umeme, ni cha ukungu. Transfoma iliyosimama nje si ya huu wala ule. Hunyunyiziwa kwa nozeli za matone makubwa kuliko ukungu, zikiizunguka pande zote, kwa sababu na yenyewe imesimama kwenye upepo. Bwenini nafunga springla, na sababu zangu zinakuja.

Watajibu kwamba ukungu unatumia maji kidogo, na maji ndiyo shida yetu. Hoja hii ina uzito na haifai kupuuzwa. Tuseme vichwa sita vimefunguka, kila kimoja lita 80 kwa dakika: hizo ni lita 480 kila dakika. Simtanki la lita 10,000 litakauka kabla dakika 21 hazijatimia, na kwa saa nzima utahitaji lita 28,800. Si kila shule ina akiba hiyo. Lakini mwenye ukungu anaokoa maji kwa kulipa kitu kingine ambacho vijijini ni adimu zaidi, nacho ni usafi na matunzo. Tundu la springla lina upana wa kama nusu inchi. Kutu na punje ya mchanga hupita. Tundu la nozeli ya ukungu ni sehemu ya milimita, na masika yakiyatia maji tope, chujio lisilosafishwa litaziba na nozeli zitafuata. Pampu ya baa 100 ikiharibika, fundi wake na vipuri vyake havipatikani dukani Songea kama zinavyopatikana sili za pampu ya kawaida. Tangi kubwa la zege hujengwa mara moja na watu wa hapohapo, likakaa. Mimi nachagua upungufu ambao jamii yenyewe inaweza kuuondoa kwa saruji na kokoto.

Sasa nifike penyewe. Asiyejua huangalia kichwa cha springla. Anayejua huuliza iko wapi koki ya mwisho. Ni koki ndogo ya majaribio, inayofungwa mwisho kabisa wa tawi la mbali zaidi na pampu, na mdomo wake umepunguzwa upana ulingane na wa kichwa kimoja. Ukiifungua, umeuambia mfumo kwamba kichwa kimoja kimepasuka kule mwisho. Kisha unasimama na saa mkononi, kimya. Maji ya kwanza yatatoka meusi na yatanuka, kwa kuwa yamelala ndani ya chuma. Hilo si kosa, na fundi anayeona aibu kwa maji meusi hajaifahamu kazi yake. Maji yakitoka meupe tangu mwanzo kwenye mfumo wa chuma uliokaa mwaka mzima, hapo ndipo pa kuuliza maswali: ama kuna aliyeufungua jana kuandaa ukaguzi, ama koki hiyo imeungwa kwenye bomba la maji ya kawaida. Sikiliza kengele: igonge yenyewe, na isichelewe. Sikiliza pampu: iwake bila mkono wa mtu. Angalia geji iteremke kidogo mtiririko unapoanza, kisha itulie na ishike palepale. Geji ikiteremka bila kukoma, pampu haiwezi, au kuna valvu iliyofunguliwa nusu. Maji yabaki na nguvu ileile dakika ya tano kama dakika ya kwanza. Dakika hizo tano zinanieleza habari za tangi, pampu, valvu, mabomba na tabia ya fundi kuliko michoro yote iliyopigwa mihuri. Kwenye mfumo wa ukungu jaribio ni hilohilo kimsingi, ila huongezwa jambo moja: fungua chujio uone limebeba nini.

Hapo ndipo hila zote huanguka. Hila kongwe ni ya geji. Maji yakishafungiwa ndani ya bomba kati ya valvu mbili, sindano husimama juu hata kama valvu ya kutoka tangini imefungwa tangu mwaka juzi kwa sababu ilikuwa inadondosha. Mkaguzi anasoma presha, anaandika presha, anaondoka. Geji imesema kweli kuhusu presha. Kuhusu maji haijasema lolote. Hila ya pili ni kumpeleka mgeni kwenye koki iliyo jirani na pampu, ambako hata pampu dhaifu hutamba. Ya tatu ni kichwa kisicho na bomba: kimepachikwa kwenye dari kama kishikizo cha shati, nyuma yake ni hewa tupu. Ya nne haina hata nia mbaya. Mpaka rangi anapita na brashi yake, anafunika vichupa pamoja na dari, na kuanzia siku hiyo kichwa kile kitachelewa kufunguka, au hakitafunguka kabisa. Kichwa kilichopakwa rangi hakisafishwi. Kinang'olewa na kuwekwa kipya. Bei ya kichwa kimoja isimfanye mtu abishane.

Kuna mambo mengine ninayoyahukumu upesi. Rangi ya kichupa iendane na mahali. Chekundu, cha nyuzi 68, ni cha ofisini na bwenini. Chini ya bati tupu linalopikwa na jua la Oktoba weka cha njano, cha 79, kwa sababu kichupa kinatakiwa kuzidi joto la juu kabisa la mahali kwa nyuzi 30 angalau. Ukikuta chekundu kila mahali, ujue fundi alinunua boksi moja. Bomba la moto lisifichwe. Najua wasanifu hawapendi, na vipo vichwa vilivyotengenezwa kwa ajili ya kufichwa vyenye vibali vyote, lakini bomba linaloonekana hukaguliwa na kila anayepita, hata mwanafunzi, na bomba lililofichwa hungoja mtu mwenye ngazi. Liwe jekundu, lining'inie kwenye vishikio vyake lenyewe, na lisitundikiwe nyaya wala chandarua. Mafundi wa zamani walikata hesi za bomba kwa mkono, wakazungushia katani iliyotiwa rangi, wakakaza, na unywele wa katani ukabaki umechomoza kwenye kiungo kama saini. Viungo vile havikuvuja. Tepu nyeupe inafaa kwenye bomba la sinki. Kwenye bomba la moto nikiiona moyo wangu hauko radhi, na sitajifanya kwamba nina kipimo cha maabara cha kuthibitisha hilo.

Wapo watakaosema haya yote ni anasa kwa halmashauri ambayo bado inajenga madarasa, na kwamba ndoo za mchanga, mitungi ya kuzimia moto na mlinzi macho vinatosha. Mitungi na mlinzi vibaki. Hakuna mfumo unaoviondoa. Lakini vyote viwili vinahitaji mtu aliyeamka, aliyefunzwa, na aliyesimama karibu, na bweni huungua watoto wakiwa wamelala. Kichupa hakilali. Ndiyo sababu bwenini nafunga springla ya kawaida, yenye tundu pana, inayolishwa na tangi la zege ambalo bomba la vyooni haliligusi kabisa. Kama fedha ni za jengo moja tu, liwe hilo, kabla ya ukumbi wa mikutano na kabla ya ofisi.

Na makabidhiano yafanywe jioni. Umeme uzimwe kwenye swichi kuu, kwa makusudi, kwa sababu moto mara nyingi huanza na nyaya, na nyaya zikiungua umeme huondoka. Mtu mmoja akae kwenye pampu ya dizeli, mikono nyuma, haruhusiwi kugusa kitu. Mwingine, ambaye si fundi wala mkandarasi, pengine matroni wa bweni hilo, apewe ngazi na tochi aende hadi tawi la mwisho, afungue koki, na kuhesabu kwa sauti mpaka maji yatoke. Namba atakayoitaja iandikwe kwenye hati, na chini yake aweke sahihi yeye.