Gitaa Linalojua Kupisha

Albamu ya kwanza ya bendi ya Staff Benda Bilili, Très Très Fort, ilirekodiwa kwa sehemu kubwa nje, katika bustani ya wanyama ya Kinshasa. Vincent Kenis, fundi wa sauti kutoka Ubelgiji, alikuja na kompyuta ya mkononi, maikrofoni kama 12, na waya wa umeme wa mita 100 uliochomekwa kwenye baa iliyohamwa. Waimbaji, wengi wao wakiwa wamepooza miguu kwa polio, waliimba pale pale walipozoea kufanyia mazoezi. Albamu ilipotoka mwaka 2009 bendi ikapata tuzo ya WOMEX, na mwaka uliofuata filamu juu yao ikaonyeshwa Cannes.

Sifa za albamu hiyo zimeshaimbwa sana, na inastahili. Mimi nataka kuisifu ya pili, Bouger le monde, iliyotoka mwaka 2012, kwa sababu humo ndimo ufundi wao ulimopimwa kweli.

Nyimbo za kwanza zilikuwa zimekaa barabarani miaka. Ziliimbwa usiku baada ya usiku, zikapunguzwa pale zilipochosha wapita njia, na kila mpigaji akawa anajua nafasi yake hata akiwa amesinzia. Za pili hazikupata bahati hiyo. Zilitungwa na watu waliokuwa wamezunguka Ulaya na kurudi, huku dunia inawasubiri na kila mmoja ana wimbo wake mfukoni. Bendi nyingi hufia hapo. Kila mtu anataka kusikika, na wimbo unajaa mpaka hauna pa kupumulia.

Anayejua muziki wetu wa Kongo anajua magitaa yanavyogawana kazi. Akompa linashika mwendo, solo linapanda juu, na katikati kuna mi-solo, kazi ngumu kuliko zote kwa maoni yangu, maana mpigaji wake anaishi kwenye mapengo ya wenzake. Akiwahi kidogo tu, anamkanyaga solo. Akichelewa, sebene, ile sehemu ya kucheza, linalegea na wachezaji wanaona, hata kama hawajui kosa liko wapi.

Sasa mtazame Roger Landu wa Staff Benda Bilili na satonge yake. Ni kopo la bati, fito iliyopinda iliyotoka kwenye kikapu cha samaki, na uzi mmoja wa gitaa. Hakuna vibano vya kumwonyesha noti iko wapi. Mkono mmoja unadonoa uzi, mwingine unaivuta na kuilegeza ile fito, na sauti inapanda ikitetemeka. Akivuta zaidi kidogo tu, ametoka nje ya wimbo. Kwenye albamu ya pili sauti ya bendi imekuwa nzito zaidi, na kopo lile lingeweza kumezwa kabisa. Halimezwi. Sikiliza jinsi magitaa yanavyoshuka anapoingia, na jinsi yeye anavyonyamaza waimbaji wanaporudi. Huko kupishana hakupangwi na fundi wa mitambo baadaye. Kunatoka kwa watu waliokaa pamoja muda mrefu wakisikilizana, hata wakati ambao pengine kusikilizana kwenyewe kulianza kuwa kugumu.

Huku Kanyaruchinya, kwenye barabara ya Rutshuru chini ya Nyiragongo, tunaielewa kazi hiyo ya kupishana kwa namna yetu. Mwaka huohuo wa 2012 watu waliokimbia vita ya waasi wa M23 walijaa hapa kambini, na Novemba wakalazimika kukimbia tena, siku chache tu kabla mji wa Goma haujaanguka. Miaka kumi baadaye kambi ikajaa upya. Kikundi cha muziki kikiwahi kurekodi mara moja katika hali hiyo, mara ya pili ndiyo mtihani: mpiga besi yuko ng'ambo ya mji au ng'ambo ya mpaka, gitaa limeuzwa wapate unga, na nyimbo mpya zinabebwa na watu wasiojuana vizuri.

Kinachobaki ni mazoezi. Katika nyumba za mbao zilizosimama juu ya mawe ya volkano, umeme ukikosekana na mafuta ya jenereta hayapo, vijana hupiga bila spika. Gitaa la umeme lisilo na spika halisikiki vizuri kutoka upande wa pili wa chumba. Basi wanasogeleana hadi magoti yanagusana, wanapunguza mkono, na anayepiga kwa nguvu anaambiwa papo hapo, kaka, tulia. Naamini kijana anajifunza mi-solo hapo kuliko mbele ya spika kubwa. Waliozoea kupiga hivyo, siku wakipata saa mbili za studio mjini, hawana haja ya kurudia sana.

Mapema mwaka 2013 waimbaji Coco Ngambali na Théo Nzonza waliondoka Staff Benda Bilili, na ziara ya bendi ikafutwa. Wako wanaouona mfarakano huo kama hukumu juu ya albamu ya pili, eti nyufa zinasikika ndani yake. Mimi sizisikii. Nasikia watu waliokaribia kuachana wakiendelea kupeana nafasi, wimbo hadi wimbo, na hilo linanigusa kuliko furaha yote ya bustani ya wanyama. Mwaka 2015 Coco na Théo walitoa albamu ya From Kinshasa wakiwa na bendi ya Mbongwana Star. Ngoma zake ni kali na sauti zimekwaruzwa makusudi. Wazee hao wawili wanaimba ndani ya kelele hiyo bila kuipigia kelele, wanaiacha ipite, kisha wanaingia.