Wimbo Usiopigwa: Ruge Mutahaba na Swali la Uhakiki wa Redio

Uhakiki wa fasihi simulizi ya Kiswahili umewazoea mtunzi, fanani na hadhira. Yule akaaye baina yao, aamuaye kipi kisikike, saa ngapi na baada ya nini, hatujampa nafasi katika istilahi zetu. Makala haya yanamjadili mmoja wao: Ruge Mutahaba, Mkurugenzi wa Vipindi na Uzalishaji wa Clouds Media Group, aliyefariki Afrika Kusini tarehe 26 Februari 2019 na kuzikwa Bukoba tarehe 4 Machi. Tunashikilia kwamba mkurugenzi wa vipindi naye ni mtunzi, na kwamba sehemu nzito ya utunzi wake ni kile alichokiacha bila kupigwa.

Swali hili lina uzito wake likiulizwa Gisenyi. Simon Bikindi, mwanamuziki mzaliwa wa Rwerere katika mkoa wa zamani wa Gisenyi, alihukumiwa kifungo cha miaka 15 na Mahakama ya Kimataifa ya Arusha mnamo Desemba 2008. Wengi hudhani alifungwa kwa ajili ya nyimbo zake. Sivyo. Mahakama iliona kwamba nyimbo hizo zilitumika katika uenezi wa chuki wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, lakini haikuthibitika kuwa yeye alishiriki katika kuzirusha hewani mwaka huo. Alitiwa hatiani kwa maneno aliyoyatamka kwa kipaza sauti, barabarani kati ya Kivumu na Kayove. Baina ya wimbo na athari yake, basi, palikuwa na mkono mwingine, nao ulikuwa studioni. Hatuilinganishi Dar es Salaam ya Ruge na Kigali ya RTLM. Kufanya hivyo ni kuwakosea heshima wafu na walio hai. Tunasema tu kwamba mtu wa huku hawezi kuamini kuwa kuchagua santuri ni kazi ya utumishi isiyo na dhamana.

Nchini Tanzania, kabla ya redio binafsi kuruhusiwa katika miaka ya 1990, Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyozirekodi bendi, na mashairi yalipitiwa na kamati kwanza. Mlango ulikuwa wa serikali na kila mtu aliujua. Redio binafsi zilipoingia, mlango haukuondolewa. Ulihamia kwenye meza ya mkurugenzi. Clouds, iliyotokana na disko la Joseph Kusaga, ilirithi jicho la mpiga santuri, yaani kuutazama ukumbi kwanza na kanuni baadaye. Ruge aliongeza mambo mawili: tamasha la Fiesta lililozunguka mikoani, na Tanzania House of Talent, iliyowalea Barnaba, Linah, Mwasiti na Nandy. Ni kana kwamba shule, mchapishaji na duka la vitabu vimewekwa chini ya paa moja. Kwa kijana asiye na mtaji, hiyo ilikuwa neema kubwa, na sioni haja ya kuipunguza.

Waombolezaji waliofurika Karimjee walitaja aliowainua. Ndiyo ada ya msiba. Hata hivyo, uhakiki hauwezi kubaki matangani. Mwaka 2011 wasanii waliojiita Vinega, wakiongozwa na Sugu, walitoa mkusanyo wa Antivirus dhidi ya redio hiyo. Mwaka 2013 ukafuata mgogoro wa hadharani baina ya Lady Jaydee na uongozi wa Clouds. Nani alikuwa na haki si kazi yetu kuamua, na uongozi ulikuwa na majibu yake. Kifasihi, jambo la kuzingatia ni kwamba Antivirus ni matini iliyozaliwa na mlango uliofungwa, ikaenea nje ya mawimbi ikiuzungumzia mlango huohuo. Ruge, kwa hiyo, si mlezi wa Bongo Fleva tu. Ni mhusika ndani yake.

Kisha ikaja Machi 2017. Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, aliingia usiku katika ofisi za Clouds akiwa na askari wenye silaha. Ruge alieleza hadharani kwamba chanzo kilikuwa habari iliyokusudiwa kipindi cha Shilawadu, ambayo haikurushwa kwa kuwa haikuwa na mizania. Hapa kutorusha kukawa ushujaa, na ni sawa kukuita hivyo. Lakini ni uwezo uleule waliouchukia Vinega. Anayemsifu Ruge wa 2017 lazima amtazame pia wa 2011, maana ni kalamu moja.

Tangu 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda, na vijana wengi wa Rubavu, kama wenzao wa Goma, hujifunza nusu ya msamiati wao katika Bongo Fleva. Tunachokipokea kimekwisha kuchujwa. Ili mchujo huo usomwe kama matini, kinachohitajika ni madaftari ya studio: wimbo gani ulipigwa, siku gani, mara ngapi. Idara za Kiswahili ziyaombe kwa vituo vya redio sasa, kabla hayajatupwa pamoja na kanda.