Askari wa Dukani

Ukitaka kumpaka rangi askari wa plastiki mwenye urefu wa sentimita tatu, anza kwa kumwogesha. Maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki uliochakaa. Plastiki huweza kutoka kiwandani na mafuta ya kalibu, na rangi haishiki juu ya mafuta. Kisha mkwangue kwa kisu pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana, maana mshono ule usipoondolewa utaonekana hata chini ya rangi nzuri.

Wangu wa kwanza alitoka kwenye pakiti ya Mage Knight, mchezo ulioletwa sokoni mwaka 2000 na kampuni ya WizKids ya Marekani. Ulinunua pakiti iliyofungwa usijue ndani yuko nani, na askari walikuja wameshapakwa rangi za haraka haraka. Wako walioridhika kukusanya na kubadilishana. Lakini chini ya miguu ya kila askari palikuwa na gurudumu: akijeruhiwa unalizungusha, linalia ta!, na namba za mwendo, shambulio na ulinzi wake zinabadilika kwenye kidirisha. Hesabu ambazo michezo ya vita iliziweka kwenye majedwali na karatasi, hapa alizibeba askari mwenyewe. Mtoto aliyevutiwa tu na sanamu ya joka akajikuta anapima umbali na kulinda ubavu wa jeshi lake.

Mlango huu, wa kutoka kwenye kitu cha kuchezea hadi mchezo wa vita, ulifunguliwa zamani. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain, London, ilianza kuuza askari wa madini ya risasi walio wazi ndani: risasi iliyoyeyushwa ilimiminwa kalibuni, ikaganda kwenye kuta, iliyobaki ikamwagwa. Wakawa wepesi na wa bei nafuu. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells akachapisha Little Wars, kanuni za kupigana vita sakafuni kwa vitu vya kuchezea vya watoto na mizinga ya springi. Baadaye wakaja askari wadogo wa plastiki wa kampuni ya Airfix, na wapenzi wa vita vya kale wakakuta dukani hakuna jeshi wanalolitaka. Wakakata kofia, wakabandika nyingine, wakapinda mikono. Plastiki ile laini ilibambua rangi, nao wakaipaka gundi kwanza.

Hapo ndipo ninapowavulia kofia. Mtu akishauliza koti la kikosi fulani lilikuwa na ukosi wa rangi gani, kesho atauliza kikosi hicho kilisimama wapi, na kwa nini hapo. Brashi humfikisha kwenye ramani.

Ninachokipenda kuliko vyote ni rangi nyembamba, karibu maji, inayomwagwa juu ya joho. Inateleza yenyewe mpaka ndani ya mikunjo na kutulia humo, nayo migongo ya mikunjo inabaki na mwanga. Unashusha pumzi, unasubiri. Macho huja mwisho, kwa ncha ya brashi, kiwiko kikiwa kimeegemea meza.

Askari yule ninaye bado. Nimempaka upya mara tatu. Juzi mpwa wangu alinyoosha mkono kumchukua. "Mjomba, huyu ulimnunua au ulimtengeneza?" Nikamwambia amshike chini, kwenye gurudumu, rangi ya bega ilikuwa haijakauka.