Heko kwa Wanaopokea Wageni

Mwaka 1935, mjini Akron, Marekani, Bill Wilson na daktari Bob Smith, wote wawili wakiwa wameteswa na pombe, waliona kuwa mlevi humwelewa mlevi mwenzake. Ndivyo kilivyoanza Alcoholics Anonymous, chama cha kusaidiana kuacha pombe, chenye mikutano hata Nairobi.

Pongezi zangu ni kwa wanaoiendesha mikutano hiyo. Hawalipwi. Hufika mapema, wakapanga viti na kuchemsha chai, kisha humkaribisha mgeni kwa jina lake la kwanza tu. Hakuna kiingilio, sharti ni kutaka kuacha pombe. Mmoja husema, wengine husikiliza bila kumkatiza. Asiyetaka kusema halazimishwi. Aliyeteleza jana hupokewa leo vilevile.

Hongereni sana. Mmezirudishia nyumba nyingi baba na mama zao.